Kurasa Mbili za Velta

Guntars, bosi wangu, hupima ripoti kwa kiganja.
"Nyepesi," husema, na kuirudisha mezani.
Mteja, kwa imani yake, hulipia unene:
kurasa tisini na nne, grafu kama meno ya msumeno,
wekundu wa kutisha, kijani cha kufariji,
na maneno ambayo hata mimi niliyeyaandika
huyaruka.

Mwaka jana nilimkagulia tovuti mwenye hoteli wa Ventspils.
Nilipopita kwake mwezi wa Machi
niliikuta kazi yangu imekabwa dirishani,
inazuia kioo kisigongwe na upepo wa Baltiki.
"Imetusaidia sana," akasema,
wala hakuwa na kejeli usoni.

Kisha akaja Velta Grundmane wa Liepāja,
mshindiliaji wa sufu, mshonaji wa mabuti ya theluji,
mikono inanuka sabuni na kondoo.
"Watu hawanioni," alisema. "Niambie nimejificha wapi."

Usiku ule niliituma roboti ipite tovutini mwake,
ibishe kila mlango, ihesabu kila kizingiti.
Ikarudi na mzigo:
kurasa arobaini, zote zina kichwa kimoja, "Karibu",
kama watoto arobaini walioitwa jina moja,
ukiita, hakuna anayejua ageuke nani.
Picha ya buti moja, megabaiti kumi na moja,
nzito kuliko buti lenyewe.
Na jina analoliita Velta, jina la babu yake,
halitafutwi na yeyote aliye chini ya miaka sabini;
vijana huandika: *miguu yangu inaganda, nivae nini.*

Roboti haikuona kosa kwenye namba ya simu.
Tarakimu zilitimia, nafasi zilikaa sawa.
Niliipiga mimi, saa tatu asubuhi,
kwa sababu tu chai ilikuwa bado ya moto.

"Kama ni jino, subiri," ikajibu sauti ya mwanamume.
"Kama ni mabuti, thelathini na nane yamekwisha,
nadhani. Shuka tramu kituo cha mwisho, uliza."
Daktari Renārs, wa meno, mjini Kuldīga.
Miaka mitatu anapigiwa kwa ajili ya mabuti,
miaka mitatu anajibu, maana alichoka kukana.
Alikuwa na daftari la ukubwa wa miguu ya watu
ambao hajawahi kuwachungulia midomo.
Hata buti lenyewe hajawahi kuliona.

Nikafunga grafu zote.
Nikaandika kama mtu anayemwachia jirani ujumbe:

*Velta, namba yako ya simu imekosewa.
Mwisho ni saba, si moja. Anza hapo, leo.
Pili, kila ukurasa uupe jina lake.
Tatu, jina la babu libaki, ila karibu yake
weka maneno ya yule anayeganda.
Picha nitazipunguza mwenyewe, ni kazi ya saa moja.
Mengine yapo nyuma, kwa penseli. Hayaumi.*

Kurasa mbili. Guntars aliziinua kwa vidole viwili
kama mtu aliyeokota soksi ya mgeni.
"Debe tupu," akasema.
Nikamwambia debe tupu ndilo huvuma;
hili, litikise, usikie kama linalia.
Hakucheka. Alitia saini, lakini, na bei akaikata nusu,
na hiyo nusu ikakatwa kwangu.

Velta alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
akachukua kalamu papo hapo, akafuta moja,
akaandika saba kwenye kadi za dukani, kadi zote,
rundo zima, huku tramu inapita na vikombe vinatetemeka.
Mimi nilikuwa tayari kwa maswali:
viungo vilivyokatika, kasi, ramani ya tovuti.

Aliuliza moja tu.
"Huyo daktari, yeye anavaa namba ngapi?"

Nikapekua mbele, nikapekua nyuma, hadi penseli.
Sikuwa nimeandika.